Batli ya Mabadiliko: Utungaji wa Kumbukumbu za Programu kwa Mashine na Suala la Upatanisho wa Kisarufi katika Kiswahili

1.0 Utangulizi

Programu ya kompyuta haikamiliki siku inapotolewa. Huendelea kurekebishwa, kuongezwa na kupunguzwa, na kila baada ya muda hutolewa toleo jipya lenye mabadiliko ambayo mtumiaji hana budi kuyafahamu. Kwa muda mrefu maandishi ya kumfahamisha mtumiaji mabadiliko hayo yalitungwa na mtu aliyekaa chini na kukumbuka yaliyofanyika. Siku hizi, katika miradi mingi, maandishi hayo hukusanywa na mashine kutoka katika taarifa fupi ambazo waandishi wa programu huziacha kila wanapohifadhi kazi yao.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi utaratibu huo unavyofanya kazi, na kisha kuchunguza yanayotokea pale lugha ya taarifa hizo inapokuwa Kiswahili. Hoja inayotetewa ina sehemu mbili. Kwanza, kanuni zilizobuniwa kwa kuzingatia Kiingereza hukwama katika Kiswahili kwa sababu ya upatanisho wa kisarufi, lakini kikwazo hicho kinaweza kuepukwa kwa kuipanga taarifa upya, bila mashine kufundishwa sarufi nzima. Pili, hata kikwazo hicho kikiondolewa, uamuzi kuhusu lipi linamhusu msomaji hubaki kwa mtu aliyeandika taarifa ya kwanza. Ili kuifafanua hoja hiyo, makala yanatumia mfano wa kubuni wa programu ya hesabu za dagaa katika kata ya Rusimbi, Manispaa ya Kigoma-Ujiji.

2.0 Istilahi

Kiingereza huiita kumbukumbu ya aina hii kwa neno linalotokana na gogo. Mabaharia wa Ulaya walikuwa wakitupa kipande cha mti baharini, kikiwa kimefungwa kwenye kamba yenye mafundo, ili kupima mwendo wa chombo. Daftari lililoandikwa vipimo hivyo likarithi jina la kipande hicho cha mti. Kulitafsiri neno hilo kama lilivyo hakumsaidii msomaji wa Kiswahili. Neno kumbukumbu nalo, ingawa linaeleweka, ni pana mno: linahusu mihtasari ya vikao, sherehe za waliofariki na hata uwezo wa akili wa kukumbuka.

Kiswahili, hata hivyo, ni lugha ya watu wa vyombo, na kamusi zake zimehifadhi neno batli kwa maana ya daftari la safari za chombo. Katika makala haya, batli ya mabadiliko ni maandishi yanayomweleza mtumiaji tofauti kati ya toleo moja la programu na jingine. Msimbo ni matini ya programu yenyewe. Hazina ni mahali msimbo na historia yake vinapotunzwa. Mfumo wa kudhibiti matoleo ni programu inayoitunza hazina hiyo. Taarifa ya badiliko ni maneno machache ambayo mwandishi wa programu huyaambatanisha na kila badiliko analoliweka katika hazina.

Tofauti kati ya taarifa ya badiliko na batli ndiyo msingi wa mjadala huu, na historia ya meli inayojulikana na kila mkazi wa Kigoma inaweza kuidhihirisha. Meli ya Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikafunguliwa na kusafirishwa vipande vipande, ikaunganishwa upya Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916, baada ya mitambo yake kupakwa grisi ili isiharibike. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Katika miaka ya 1970 mitambo yake ya mvuke iliondolewa na kuwekwa ya dizeli.

Maelezo hayo ni mafupi. Nyuma yake zimo siku nyingi za kazi, kila moja ikiwa na misumari yake, mabati yake na mafundi wake. Aliyeongoza uopoaji alihitaji habari za kila siku. Abiria anayekwenda Kasanga anahitaji kujua kama meli inasafiri na inatumia mtambo gani. Taarifa ya badiliko ni habari ya siku kwa fundi, ilhali batli ya mabadiliko ni habari ya toleo kwa abiria. Mashine inayotunga batli hutakiwa kuitoa ya pili kutokana na ya kwanza.

3.0 Chimbuko la Utaratibu

Mifumo ya kudhibiti matoleo ilianza kabla ya kompyuta kuenea majumbani. Mwaka 1972 Marc Rochkind, aliyekuwa katika maabara za Bell nchini Marekani, alitunga SCCS. Walter Tichy wa Chuo Kikuu cha Purdue alifuata na RCS katika miaka ya mwanzo ya 1980, na mwaka 1986 Dick Grune wa Amsterdam akaanzisha kazi iliyozaa CVS. Mwaka 2005 Linus Torvalds alitunga Git, ambayo leo ndiyo inayotumika zaidi.

Katika kipindi kirefu cha historia hiyo, batli iliandikwa kando. Miradi ya GNU, kwa mfano, ilikuwa na faili maalumu ambamo kila badiliko liliandikwa kwa mkono pamoja na tarehe, jina la mhusika na sehemu ya msimbo iliyoguswa. Baada ya mifumo ya kudhibiti matoleo kuanza kuyahifadhi mambo hayo yenyewe, kuyaandika mara mbili kulionekana kuwa kazi bure. Mradi wa Emacs uliacha kuitunza faili hiyo kwa mkono mwaka 2015 na kuanza kuizalisha kutoka katika taarifa za mabadiliko zilizomo katika hazina.

Hata hivyo, kumwaga taarifa zote mbele ya mtumiaji hakukuleta manufaa yaliyotarajiwa. Mwaka 2014 Olivier Lacan alichapisha mwongozo uitwao Keep a Changelog, akisisitiza kwamba batli huandikwa kwa ajili ya watu na si kwa ajili ya mashine. Mwaka huohuo Laura Moreno na wenzake waliwasilisha ARENA, mfumo uliochanganya uchambuzi wa msimbo na orodha ya hitilafu zilizoripotiwa, ili kutunga maelezo ya toleo bila kutegemea taarifa pekee. Njia ya tatu, ambayo ndiyo iliyoenea, ni kuwataka waandishi wa programu waandike taarifa zao kwa mtindo mmoja ambao mashine inaweza kuusoma. Mtindo huo, ujulikanao kama Conventional Commits, ulitokana na kanuni za waandishi wa Angular.

4.0 Hatua za Mashine

Utaratibu wenyewe una hatua nne. Katika hatua ya kwanza, mashine hutafuta alama mbili katika hazina: alama ya toleo lililopita na alama ya toleo jipya. Taarifa zote zilizo kati ya alama hizo ndizo malighafi yake. Kila taarifa huja na jina la mwandishi, tarehe na kitambulisho ambacho, katika Git ya kawaida, kina herufi na tarakimu 40.

Katika hatua ya pili, mashine hulinganisha mstari wa kwanza wa kila taarifa na ruwaza iliyowekwa. Kwa kawaida ruwaza hiyo hutaka neno la aina, nukta mbili, kisha maelezo. Neno feat huashiria jambo jipya na neno fix huashiria marekebisho ya hitilafu. Alama ya mshangao kabla ya nukta mbili huashiria badiliko linalovunja utaratibu wa awali, yaani badiliko litakalomfanya mtumiaji wa zamani akwame asipochukua hatua.

Katika hatua ya tatu, taarifa hupangwa katika mafungu na zisizomhusu mtumiaji huachwa. Hapa pia namba ya toleo huweza kuamuliwa. Kwa mujibu wa kanuni ya Semantic Versioning iliyotungwa na Tom Preston-Werner, namba ya toleo ina sehemu tatu: marekebisho huongeza sehemu ya mwisho, jambo jipya huongeza ya kati, na badiliko linalovunja utaratibu huongeza ya kwanza. Kwa hiyo, neno moja lililoandikwa na mtu mmoja alasiri moja linaweza kuamua kama toleo litaitwa 1.2.1, 1.3.0 au 2.0.0.

Katika hatua ya nne, mafungu hayo huandikwa kwa mpangilio unaosomeka, chini ya namba ya toleo na tarehe yake. Ni dhahiri kwamba hakuna hatua hata moja ambamo mashine huelewa kilichobadilika. Husoma vitambulisho tu, na pale kitambulisho kinapokosewa, kosa hupita hatua zote nne bila kizuizi.

5.0 Mfano wa Rusimbi

Ichukuliwe kwamba mfanyabiashara wa dagaa anayeishi Rusimbi anatumia programu ndogo ya simu kuandika mzigo anaoununua katika mwalo wa Kibirizi na bei anazouzia. Programu hiyo imeandikwa na vijana wawili, na taarifa zao kati ya toleo 1.2.0 na toleo linalofuata ni hizi:

– Rekebisha ripoti ya mwezi isiyofunguka
– marekebisho
– Ongeza tarehe za kufungwa kwa ziwa
– Ongeza tena tarehe, nilisahau Agosti
– Badilisha kizio cha bei kutoka ndoo hadi kilo
– Ongeza rangi ya kijani
– Tangua rangi ya kijani
– Safisha msimbo

Mashine isiyo na ruwaza yoyote itamletea mfanyabiashara mistari yote minane. Mstari wa pili haumwambii lolote. Wa tatu na wa nne ni jambo moja lililofanywa kwa awamu mbili. Wa sita na wa saba hufutana, kwa kuwa rangi iliyoongezwa na kutanguliwa kabla ya toleo haikumfikia mtumiaji kamwe. Wa nane unawahusu waandishi wenyewe.

Yanayobaki ni matatu. La kwanza linamwambia kwamba ripoti iliyokuwa ikikataa sasa inafunguka. La pili lina uzito zaidi: kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika ili samaki wazaliane, na programu isiyojua tarehe hizo ingeonyesha miezi mitatu ya mauzo hafifu kana kwamba ni uzembe wa mwenye biashara. La tatu ndilo la hatari. Ikiwa bei za zamani ziliandikwa kwa ndoo, na programu mpya inazisoma kwa kilo, bei ya ndoo nzima itaonekana kuwa bei ya kilo moja. Mfanyabiashara akimwonyesha mkopeshaji hesabu hizo, ataonekana tajiri kuliko alivyo, na deni atakaloruhusiwa kulichukua litakuwa kubwa kuliko uwezo wake wa kulilipa.

Katika orodha ya mistari minane, badiliko hilo ni la tano, likiwa na urefu na sauti sawa na yale ya rangi ya kijani. Hiyo ndiyo kasoro ya msingi ya batli iliyomwagwa tu: husema kila kitu kwa sauti moja.

Jambo hili halihusu biashara ndogo pekee. Takwimu za afya nchini Tanzania hutokana na vitabu vya MTUHA vinavyojazwa katika vituo vya huduma, na tangu mfumo wa DHIS2 ulipoenezwa nchi nzima mwaka 2013, huingizwa humo na kujumlishwa hadi ngazi ya taifa. Kenya ilikuwa imetangulia kuueneza mfumo huo mwaka 2011. DHIS2 huratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, na maelezo ya matoleo yake huandikwa kwanza kwa Kiingereza. Badiliko la namna kiashiria kinavyokokotolewa, likifichwa chini ya maneno kama marekebisho madogo, laweza kuifanya wilaya ionekane imepata nafuu ya ugonjwa ambayo haikuwapo.

6.0 Tatizo la Upatanisho

Miongozo ya Kiingereza humtaka mwandishi atumie kitenzi cha kuamuru katika taarifa, na batli mara nyingi huhitaji kitenzi cha jambo lililokwisha kutendeka. Katika Kiingereza mageuzi hayo ni mepesi: neno Add hugeuzwa kuwa Added, nalo hubaki lile lile hata kitu kilichoongezwa kikiwa kitufe, ukurasa au mtu. Mashine yaweza kufanya kazi hiyo kwa orodha fupi ya vitenzi.

Katika Kiswahili mambo ni tofauti, kama mifano hii inavyoonyesha:

Ongeza kitufe cha kuchapa. – Kitufe cha kuchapa kimeongezwa.
Ongeza ukurasa wa madeni. – Ukurasa wa madeni umeongezwa.
Ongeza orodha ya mialo. – Orodha ya mialo imeongezwa.
Ongeza maelezo ya bei. – Maelezo ya bei yameongezwa.
Ondoa karani aliyeacha kazi. – Karani aliyeacha kazi ameondolewa.

Ili kufanya mageuzi haya, mashine lazima ijue mambo matatu. Kwanza, ijue nomino kuu ni ipi katika kirai: katika orodha ya mialo upatanisho hufuata orodha, si mialo. Pili, ijue ngeli ya nomino hiyo, na itambue kwamba karani, ijapokuwa umbo lake halina kiambishi cha watu, hupatanishwa kama kiumbe hai. Tatu, ijue umbo la kutendwa la kila kitenzi: ongeza hutoa ongezwa, lakini ondoa hutoa ondolewa.

Ugumu huongezeka pale matumizi ya wasemaji yenyewe yanapotofautiana. Wapo wasemao faili limefutwa na wapo wasemao faili imefutwa. Wapo wasemao data imebadilishwa na wapo wasemao data zimebadilishwa. Neno dagaa ni mfano mzuri zaidi kwa mazingira ya Kigoma. Dagaa wakiwa ziwani ni viumbe hai na hupatanishwa hivyo. Wakiwa wamekaushwa na kutiwa magunia, wasemaji wengine huwachukulia kuwa bidhaa na kubadili upatanisho. Mashine inayoshikilia kanuni moja itamkera nusu ya wasomaji wake.

Uchanganuzi wa mofolojia ya Kiswahili kwa kompyuta si jambo lisilowezekana. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza kuushughulikia katika miaka ya 1980, na mfumo wake wa SWATWOL uliweza kuzichambua ngeli na minyambuliko kwa mapana. Lakini kuufunga mchanganuzi wa aina hiyo katika kila programu ndogo ya hesabu ni sawa na kukodi meli ili kuvuka kijito.

7.0 Pendekezo na Mipaka Yake

Njia nyepesi ni kuubadili muundo wa taarifa badala ya kuifundisha mashine sarufi. Njia mbili zinaweza kufikiriwa. Ya kwanza ni kutumia kitenzi-jina, mathalani kuongeza kitufe, ambacho hakihitaji kupatanishwa na kitu kilichoongezwa. Kasoro yake ni ya kimaana: kuongeza kitufe husomeka kama jambo linalokusudiwa, ilhali batli hueleza jambo lililokwisha kutimia.

Njia ya pili, ambayo makala haya yanaipendekeza, ni kumtaka mwandishi aandike neno la aina na kirai nomino tu: ongezo: tarehe za kufungwa kwa ziwa, rekebisho: ripoti ya mwezi isiyofunguka, badiliko!: kizio cha bei kutoka ndoo hadi kilo. Mashine huviweka virai hivyo chini ya vichwa vitatu vya kudumu: Yaliyoongezwa, Yaliyorekebishwa, Yaliyobadilishwa. Vichwa hivyo vinapatana na neno mambo, ambalo halitajwi lakini linaeleweka, na kwa hiyo havilazimiki kupatana na nomino yoyote iliyo chini yake. Karani, kitufe, faili na dagaa hukaa pamoja bila mgongano. Kwa kuwa programu nyingi za kutunga batli huruhusu vitambulisho vya aina vibadilishwe, utaratibu huu hauhitaji chombo kipya.

Aidha, Kiswahili kina nyenzo ambayo mwandishi wa taarifa anafaa kuitumia kwa makusudi, nayo ni mnyambuliko wa kutendeka. Mtumiaji akilalamika, husema ripoti haifunguki, bei haisomeki, karatasi haichapiki. Kiambishi hicho huitaja dalili bila kumtaja mtenda wala chanzo. Taarifa isemayo rekebisho: ripoti isiyofunguka humfikia mtumiaji kwa maneno yake mwenyewe, ilhali isemayo rekebisho: sharti katika mstari wa arobaini humfaa fundi peke yake. Chanzo na ufundi vinaweza kuelezwa katika aya za chini za taarifa, ambazo mashine haizichukui.

Pendekezo hili halitatui yote. Ruwaza haiwezi kutambua kwamba taarifa mbili ni jambo moja, wala kwamba badiliko la kizio ni la hatari ikiwa mwandishi amesahau alama ya mshangao. Programu za akili bandia zinazotunga sentensi zinaweza kuunganisha taarifa zinazorudiana, na hata kupatanisha ngeli kwa ufasaha. Lakini zikipewa neno marekebisho pekee, haziongezewi ujuzi wowote wa kilichorekebishwa. Sentensi nzuri zitakazotoka humo hazina ushahidi nyuma yake, na ufasaha wake utamfanya msomaji aziamini zaidi. Kwa sababu hiyo, batli iliyokusanywa na mashine haina budi kupitiwa na mtu kabla ya toleo kutoka, na mpitiaji ajiulize swali moja: je, asiyeusoma mstari huu atadhurika?

8.0 Hitimisho

Makala haya yameeleza hatua ambazo mashine huzifuata katika kutunga batli ya mabadiliko, na yameonyesha kwamba upatanisho wa ngeli huzuia kanuni za Kiingereza kuhamishiwa katika Kiswahili zilivyo. Yamependekeza muundo wa kirai nomino chini ya vichwa vya kudumu, ambao huondoa haja ya upatanisho bila kuiharibu lugha. Imebainika pia kwamba thamani ya batli huamuliwa mapema, pale mwandishi wa programu anapohifadhi kazi yake na kuchagua kati ya kuandika marekebisho na kuandika kizio cha bei kutoka ndoo hadi kilo.

Kwa wanafunzi wa isimu, taarifa za mabadiliko ni uwanja wa utafiti ulio wazi, hasa kuhusu ngeli za maneno mapya na matumizi ya mnyambuliko wa kutendeka. Kwa mfanyabiashara wa Rusimbi, ambaye hatasoma msimbo wala makala kuuhusu, suala ni dogo na zito kwa pamoja. Programu anayoitegemea inapobadilika, anastahili kuambiwa kwa lugha anayoifahamu, na katika mstari wa kwanza, kwamba bei alizoziandika jana hazina tena maana ileile leo.